Mchezo wa Kunyamaza na Mtama wa Kazaura

Juma lililopita, siku ya kuniaga, mwalimu kijana wa darasa la kwanza alinikuta nikifunga vitabu vyangu kwa kamba, akaniomba nimwandikie orodha ya michezo ya watoto ya baada ya masomo. "Mzee," alisema, "wewe ulikuwa unawabakiza hata wingu likiwa jeusi. Mimi kengele ikilia wananikimbia kama vile nimewaazima." Nilimwahidi ukurasa mmoja. Nimekaa nyumbani siku tano sasa, wino ninao, hakuna anayenigongea mlango, na ukurasa mmoja umekuwa mdogo.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nilihamishwa na nani. Hayo yamo kwenye majalada, na majalada hayachezi. Nitaandika jinsi nilivyojifunza kucheza na watoto katika wilaya hii, kwa mpangilio, tangu siku ya kwanza hadi msimu ule wa mtama wa Kamuli ambao wazee wa huko bado wananikumbusha wakiniona sokoni.

Nilianza kazi Bweranyange, mwishoni mwa miaka ya ishirini. Nilikuwa kijana kutoka upande wa Muleba, mwenye kaptura moja ya kaki na imani kubwa katika vitabu. Shule ilikuwa nyumba moja ya udongo yenye vyumba viwili, na watoto walikaa juu ya majani yaliyotandikwa chini. Wao walizungumza Kinyambo, mimi nikazungumza Kihaya. Lugha hizi zinakaribiana kiasi cha kuelewana, na zinatofautiana kiasi cha watoto kuchekea matamshi ya mwalimu.

Masomo yalikwisha saa sita na nusu. Watoto walikwenda nyumbani kula, kisha ratiba ilisema wanarudi saa tisa kwa mazoezi ya viungo. Nilikuwa na kijitabu cha mazoezi hayo, nimekisoma mara nne, na michoro yake naikumbuka hadi leo. Siku ya kwanza walirudi watoto arobaini. Niliwapanga mistari minne, tukafanya kulia geuka, kushoto geuka, mikono juu, mikono mbele. Siku ya pili walirudi ishirini na watatu. Siku ya tatu walirudi tisa na mbuzi mmoja. Siku ya nne mbuzi alirudi.

Mwalimu mkuu wangu aliitwa Ignas. Alikuwa mwenyeji wa Karagwe, mtu mzima wa miaka kama hamsini, mvuta kiko, ambaye sikuwahi kumwona akitembea haraka. Alikuwa amekaa mlangoni siku hizo zote nne akiangalia. Siku ya nne aliniita.

"Mwalimu, watoto hawa asubuhi wamekaa mbele yako wamenyooka, hawasemi. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mwalimu Mkuu."

"Sasa unawaita mchana waje wasimame mbele yako wamenyooka, wasiseme. Wewe ungerudi?"

Nilimjibu kwamba kijitabu kinasema mazoezi hayo hujenga kifua.

"Vifua wanavyo," alisema. "Wamevipata kwa kubeba maji. Wiki ijayo usiwafundishe kitu mchana. Wafuate huko wanakokimbilia, kaa kando, andika wanachocheza. Na ukiweza, usiwasahihishe."

Sehemu ya mwisho ilikuwa ngumu. Lakini niliwafuata, na daftari langu la kwanza la michezo lilianza wiki ile. Nilichora safu sita: jina la mchezo, idadi ya watoto, ukubwa wa mahali, vifaa, muda kabla hawajachoka, na aina ya ugomvi unaotokea. Nawashauri wenzangu mfanye vivyo hivyo. Safu tano za kwanza zinaweza kukisiwa na mtu yeyote. Ile ya ugomvi ndiyo inayokuambia mchezo una uhai. Mchezo ambao watoto hawaugombanii ni mchezo waliopewa na mwalimu.

Niliona mambo ambayo hayakuwa kwenye kijitabu. Watoto walikalia magome ya mgomba wakateleza kutoka juu ya kilima hadi bondeni, na aliyeanguka njiani alirudi juu kwa miguu huku akiwaeleza wenzake kwamba hakuanguka. Walikata kipande cha shina la mgomba, mduara wa unene wa kiganja, wakaubingirisha mteremkoni huku wengine wamejipanga kando na fimbo zilizochongwa ncha, kila mmoja akijaribu kuuchoma ukipita. Wasichana walishindana kukimbia na vibuyu vya maji kichwani bila kuvishika. Nilipowashauri wavulana washiriki, walishiriki mara moja, wakaloa, na hawakuutaja mchezo huo tena mbele yangu.

Na kulikuwa na mpira. Kwa kuwa mpira wa dukani ulikuwa kitu cha kusimuliwa tu, tuliutengeneza kwa mgomba. Mimi niliutengeneza wa kwanza peke yangu, kwa vipimo, na ulikuwa mviringo kabisa. Ulipasuka kwa teke la tatu. Mtoto mmoja akanifariji kwa adabu. "Mwalimu, huo ulikuwa mpira wa kutazama."

Kosa langu lilikuwa kamba. Nilizifunga zikiwa kavu. Andikeni: majani makavu ya mgomba hukunjwa katikati kuwa donge gumu, juu yake huzungushwa maganda ya shina, na juu ya maganda husukwa wavu wa kamba za mgomba zilizoloweshwa. Kamba ikikauka hujibana, na mpira hukaza wenyewe. Mpira wa namna hiyo hudumu siku nne kukiwa na jua. Mvua ikinyesha huwa mzito, na hapo ndipo mlinda lango hugundua kwamba anaumwa tumbo.

Baada ya mwaka mmoja nilikuwa na utaratibu wangu. Kila alasiri michezo mitatu: kwanza wa mbio, kisha wa shabaha, na mwisho wa kutuliza. Huo wa tatu niliutoa kwenye kijitabu, kilichosema kwamba mtoto aliyekimbia asiende nyumbani moyo ukiwa bado unapiga, bali atulizwe kwanza kwa mchezo wa kimya. Nilichagua mchezo wa buni. Watoto hukaa mduara, mmoja katikati, hufumba macho, hunyoosha mikono iliyokunjwa kama kikombe. Mwingine huzunguka akipitisha mkono wake juu ya mikono yao yote, na kwa mmoja tu huangusha buni ya kahawa. Wote wananyamaza bila kutikisika. Kisha aliyekaa katikati hufumbua macho, huangalia nyuso na kukisia nani anayo. Niliupenda utaratibu huu wa sehemu tatu. Mimi ni mtu ninayependa kitu kiwe na mwanzo, kati na mwisho, hata kama ni alasiri.

Mwalimu Ignas alihamishiwa Kamuli, na baada ya miaka michache akaniomba nimfuate. Huko ndiko yalikotokea niliyowaahidi.

Ninyi mliotoka mbali mjue jambo moja kuhusu Kamuli. Migomba na kahawa huzunguka nyumba, lakini mtama hulimwa chini zaidi, kwenye mteremko ulio wazi. Si chakula hasa. Mtama ndio unaoigeuza juisi ya ndizi mbivu kuwa rubisi, pombe yetu. Bila unga wa mtama uliokaangwa, juisi hubaki maji matamu ya watoto, na hakuna harusi wala msiba unaoendeshwa kwa maji matamu ya watoto.

Mtama unapoanza kukomaa, ndege wadogo huja kwa makundi. Wanakula kidogo asubuhi, hupumzika jua likiwa kali, kisha hurudi saa tisa na kula mpaka jua linazama. Ndege wa Kamuli walikuwa na ratiba ileile ya shule. Hivyo kila mwaka msimu huo uwanja wangu ulibaki mtupu. Watoto walikuwa juu ya madungu, yale majukwaa ya miti yanayosimamishwa katikati ya shamba, wakirusha mawe kwa kombeo na kupiga kelele peke yao mpaka jioni.

Shamba lililopakana na uwanja wetu, kwa chini, lilikuwa la mzee Kazaura. Alikuwa mtu mpole, mwangalifu, asiyependa kurudia neno. Binti yake Kokugonza alikuwa darasa la tatu. Walianza wasichana sita darasa lile, akabaki yeye. Alikuwa na miaka kama kumi na mmoja, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa hesabu. Mwalimu Ignas alikuwa ameshaamua moyoni kwamba huyu atamaliza la nne na kwenda shule ya bweni ya wasichana upande wa Bukoba. Kazaura alikuwa amemruhusu asome kwa sharti moja: kazi yake ya nyumbani isipungue. Na kazi yake ya nyumbani, msimu ule, ilikuwa kulinda mtama.

Nilipata wazo, nikalifurahia siku mbili, kisha nikaenda nalo kwa Kazaura.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Umekuja kuazima jembe?"

"Hapana, mzee. Nimekuja na shauri. Kokugonza analinda peke yake. Mimi nina watoto arobaini wanaopaswa kucheza saa hizohizo. Nikiwaleta wacheze kando ya shamba lako, kelele zao zitafukuza ndege kuliko mtoto mmoja. Na wenye mashamba jirani watafaidi pia, hivyo watawaachia watoto wao."

"Kando."

"Kando, si ndani."

Kazaura aliuangalia mtama wake. "Mtoto wangu mmoja hulinda bila ratiba," alisema. "Wako arobaini wanalinda kwa ratiba. Lakini sawa. Sikiliza, waitu." Neno hilo ni la heshima kwetu, na nilijifunza kwamba Kazaura alilitumia kabla ya jambo zito. "Mtama huu si wangu. Ni wa watu watakaokuja kumwoza kijana wangu mkubwa baada ya mavuno. Siku ndege watakapoula kwa sababu ya mchezo, Koku amemaliza shule. Sitakuja kugombana nawe. Nitamchukua tu."

Nilikubali haraka, kama anavyokubali mtu asiye na mtama.

Kwa wiki tatu mambo yalikwenda vizuri kupita matarajio. Tulibadilisha michezo ifae mahali. Mbio zilizunguka shamba, kila timu na upande wake, na kelele zilihesabiwa kama sehemu ya ushindi. Dungu likawa nyumba ya kukimbilia: aliyeligusa hakamatwi. Shabaha ikawa ya kombeo, na ndege aliyeruka kabla ya jiwe kufika alihesabiwa nusu. Mwisho, badala ya mchezo wa kutuliza, tuliimba. Ndege walihamia mashamba ya ng'ambo, na wenye mashamba ya ng'ambo wakaanza kunisalimu kwa heshima mpya. Mama mmoja aliniomba nimpelekee "darasa la mbio" kila Alhamisi.

"Umekuwa mtu mkubwa," Mwalimu Ignas aliniambia. "Mimi nimefundisha hapa miaka hii yote na hakuna aliyeniomba nimpelekee darasa la tarehe za wafalme."

Kosa lilikuja kwa njia ya dhamiri. Jumapili moja nilifungua kijitabu changu na kuona kwamba nimeiacha sehemu ya tatu kwa wiki tatu nzima. Watoto walikuwa wakienda nyumbani mioyo ikipiga. Jumatatu ilikuwa ya jua kali, mbio zilikuwa ndefu, na wavulana wawili walikuwa wanabishana nani aligusa dungu kwanza. Nikaona wakati umefika wa kurudisha utaratibu. Niliwakalisha watoto wote mduara mmoja mkubwa kwenye nyasi, nikatoa buni mfukoni, nikamweka Kokugonza katikati.

Walifumba macho. Walinyamaza. Nilizunguka mwenyewe, taratibu, nikipitisha mkono juu ya mikono arobaini. Sijawahi kuwa na watoto watulivu kama wale. Niliweza kusikia mlio laini kwenye mtama nyuma yangu, kama karatasi nyingi zinazofunguliwa pamoja, nikadhani ni upepo. Nakumbuka nilijipongeza.

Nilipomaliza mzunguko nikasema, "Koku, fumbua macho."

Kokugonza alifumbua, lakini hakuangalia nyuso za wenzake. Aliangalia juu ya bega langu.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, maana mchezo ulikuwa wa kimya, "mtama unatembea."

Tulikimbia wote. Ndege waliinuka kama shuka inayokung'utwa, wakatua tena kona ya pili, wakainuka tena. Tulipomaliza kuwafukuza, kona yote ya juu ya shamba la Kazaura ilikuwa imesimama na masuke matupu. Mashamba ya jirani hayakuguswa. Ndege walikuwa wamechagua.

Kazaura alikuja kabla jua halijazama. Alipita kwenye mistari polepole, akavunja suke moja, akalisugua kiganjani na kupuliza. Hakikubaki kitu. Kisha akaja nilipokuwa nimesimama.

"Leo sikusikia kelele," alisema.

"Tulikuwa tumenyamaza, mzee."

"Mnanyamaza mkifanya nini?"

Nilimweleza. Nilimweleza vyote, kwa mpangilio, pamoja na habari ya moyo wa mtoto aliyekimbia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo," alisema, "mlikuwa watu arobaini na mmoja, mmekaa kando ya mtama, mmefumba macho, mnatafuta buni moja."

"Mimi sikufumba, mzee."

"Hilo ndilo linalonishangaza." Akageuka. "Koku, twende nyumbani."

Kokugonza aliniangalia mara moja, kama anayesubiri nitoe amri nyingine. Alimfuata baba yake, na asubuhi iliyofuata sehemu yake darasani ilikuwa wazi. Watoto hawakukaa pale hata kwa bahati mbaya.

Nilitunga maneno ya kumwomba Kazaura msamaha. Niliyaandika, nikayasahihisha, nikamwonyesha Mwalimu Ignas. Aliyasoma akayarudisha.

"Yameandikwa vizuri," alisema. "Usiende nayo."

"Niende na nini?"

"Kwetu, aliyesinzia zamu huongezewa zamu. Hukusinzia, lakini kwa ndege ni mamoja. Nenda ukalinde."

Saa tisa nilikuwa shambani. Kazaura alikuwa anatengeneza ngazi ya dungu.

"Umekuja kuomba?" aliuliza.

"Nimekuja kulinda, mzee. Mpaka mavuno."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi chini, akaishia miguuni. "Vua viatu. Miti ya dungu itavunjika."

Hivyo nikapanda. Kokugonza alikuwa juu tangu asubuhi, maana sasa hakuwa na shule. Baba yake alimwacha abaki nami siku ya kwanza, si kwa ajili yangu bali kwa ajili ya mtama. Msichana alinipa kombeo. Nilikuwa nimeandika kuhusu kombeo ukurasa mzima katika daftari langu, pamoja na mchoro. Jiwe langu la kwanza lilikwenda nyuma.

"Huko ni nyumbani kwetu, Mwalimu," alisema Kokugonza.

La pili lilikwenda juu, tukasubiri pamoja lirudi.

"Unaachia mapema. Zungusha, halafu subiri kidogo. Ukihisi kama umechelewa, ndipo uachie."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Hakuna. Ndege wakila ndipo unajua umekosea."

Ilinichukua siku tatu kuwatisha ndege, na siku sita kabla watu hawajaacha kuja kuniangalia. Barabara ya kwenda kisimani ilipita chini ya shamba, na watu wote wa Kamuli walipata kiu wiki ile. "Mwalimu, ndege wako wamefika darasa la ngapi?" aliniuliza mmoja. "Wa darasa la kwanza wanakuja upande huu," alisema mwingine, "wale wakubwa wameshafaulu, wamekwenda kona ya juu." Niliwajibu wote kwa adabu. Kwa umri wangu wa leo naweza kukiri kwamba majibu mazuri zaidi yalikuwa yananijia usiku kitandani.

Asubuhi nilifundisha, mchana nililinda. Kokugonza alilinda asubuhi, mchana alibaki chini ya dungu akipalilia. Sikumpa masomo. Baba yake hakuniruhusu, na sikuomba. Lakini siku moja alihesabu makundi ya ndege yaliyopita tangu alfajiri, akanieleza yalikuwa mangapi, kisha akaniambia yangekuwa mangapi hadi mavuno iwapo yataendelea hivyo, na kwamba mtama ungebaki. Nilikagua hesabu yake kwa penseli kwenye kiganja. Ilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea mara ya kwanza.

Siku ya tisa Kazaura alikuja na ndizi zilizopikwa na maharage, zimefungwa kwenye jani. Alikaa chini ya dungu, nikashuka tukala.

"Mwalimu, kwa nini unamtaka sana mtoto huyu? Unao wengine arobaini."

Nilifikiri kabla ya kujibu, maana nilijua sitapewa nafasi nyingine. "Mzee, nikiandika hesabu ubaoni, watoto wengi huniangalia mimi, waone kama ninafurahi. Yeye huangalia hesabu."

Kazaura alimaliza ndizi yake.

"Hapa pia," alisema. "Hamwangalii anayepita. Anaangalia ndege." Akakunja jani. "Mtama uliobaki unatosha mlinzi mmoja. Wawili ni anasa. Kesho mmoja wenu aende shule."

"Mimi asubuhi nina darasa, mzee."

"Asubuhi mama yake atalinda. Mchana utalinda wewe. Yeye aende."

"Mchana nitamrudisha mapema aje anisaidie."

"Hapana. Mchana abaki huko acheze."

Nilidhani sikumsikia vizuri. "Acheze?"

"Wewe si ndiye uliyekuja nyumbani kwangu ukaniambia mchezo ni sehemu ya shule? Au ilikuwa sehemu ya shule kwa sababu mtama ni wa mtu mwingine?"

Nilimshukuru, nikapanda dungu.

Kokugonza alirudi shuleni kesho yake. Mtama uliobaki ulitosha harusi, ingawa rubisi ilikuwa nyepesi kidogo, na wazee waliokunywa waliiita rubisi ya Mwalimu na kuomba nyingine. Kokugonza alimaliza la nne, akaenda shule ile ya bweni kwa masista, akarudi akiwa mwalimu. Amefundisha nami miaka saba, na hakuwahi kuniruhusu nishike kombeo mbele ya watoto. Kijana wangu, mwalimu wa darasa la kwanza, orodha unayoitaka muulize yeye. Yake ni nzuri kuliko yangu.

Lakini nataka kumalizia na alasiri moja ya msimu ule, siku chache kabla ya mavuno, kwa sababu katika miaka yangu yote ya kazi hakuna somo la ualimu nililopewa wazi zaidi.

Nilikuwa juu ya dungu peke yangu. Mwalimu Ignas hakuwa mtu wa kukimbia, hivyo watoto waliachiwa uwanja wao wenyewe. Nilikuwa nimemwandikia Kokugonza utaratibu wa michezo mitatu, kwa herufi kubwa, na mishale. Kutoka dunguni uwanja ulionekana wote. Nilitazama waanze na mbio, kama nilivyoandika. Hawakuanza na mbio. Walijigawa makundi mawili, wasichana wa darasa la kwanza wakachukua ule mduara wa shina la mgomba, wavulana wakubwa wakageuka kuwa mbuzi, au labda ndege, sikujua, na Kokugonza akasimama katikati akionyesha mkono huku na huku. Walibishana, wakaanza, wakasimama, wakabadilisha kitu, wakaanza tena. Haukuwa mchezo wowote ninaoujua. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Hakuna aliyetazama jua. Watoto wawili waliokuwa wamekatazwa na wazazi wao kuja walitoka vichakani wakaingia, bila kuitwa.

Nilitoa daftari langu na penseli. Nilijaribu kuona sheria: nani anakimbia, nani anakamatwa, wanahesabuje. Nilisimama juu ya miti ya dungu nione vizuri zaidi. Nilikuwa nimejaza safu ya pili na ninaelekea ya tatu nilipomsikia Kazaura chini yangu. Sikujua amefika lini. Alikuwa ameegemea ngazi, naye akitazama uwanjani.

"Mwalimu," alisema, "kule wanajitosha. Ndege wako huku."

Nikaweka daftari mfukoni, nikachukua kombeo.